Usinunue Balbu Gizani: Jinsi ya Kuchagua Taa za LED za Nyumbani

Jarida letu limezoea kutuletea mashairi, hadithi na vitendawili, nami huyapenda hayo kama mtu mwingine yeyote. Lakini mwaka huu nilimwomba mhariri kurasa chache nizungumzie kitu ambacho kila mmoja wetu hukiwasha jioni bila ya kukifikiria hata kidogo: balbu.

Najua kuna atakayecheka. Atasema, "Ati balbu nayo ni jambo la kuandikiwa makala? Si unaenda dukani, unatoa pesa, unapewa, unafunga, basi?" Pole pole, ndugu yangu. Tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza, kila likizo humfuata mjomba wangu ambaye ni fundi wa stima. Mimi hubeba ngazi na mfuko wa bisibisi. Yeye hufanya kazi na kunieleza. Nimeingia katika nyumba nyingi, za mabati na za ghorofa, na jambo moja nimeliona likijirudia. Mtu amenunua balbu nzuri tu, lakini ameiweka mahali pasipo pake. Baada ya miezi miwili imekufa, naye analalamika kwamba "hizi LED ni bure kabisa." Kumbe LED haina kosa. Kosa ni kwamba aliinunua gizani.

Hoja yangu katika makala haya ni moja: balbu haichaguliwi dukani. Huchaguliwa nyumbani, mtu akiwa amesimama chini ya holda yake na kuitazama, kabla ya kuvaa viatu. Dukani unaenda kuchukua tu kile ulichokwisha kukichagua.

LED NI KITU GANI?

LED ni kifupi cha maneno ya Kiingereza. Sisi chamani tumezoea kuiita diodi itoayo nuru. Ili tuielewe, tuanze na nyanya yake, yaani balbu ya zamani ya uzi. Balbu hiyo ilikuwa na uzi mwembamba wa metali iitwayo tangsteni. Stima ikiupitia, uzi ule ulipata moto mpaka ukang'aa, nasi tukaona mwanga. Shida ni kwamba zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme ule ziliishia kuwa joto. Ni kana kwamba ulinunua jiko, ukapewa mwanga kama bakshishi!

LED haina uzi wa kuwaka moto. Ina vipande vidogo sana vya kitu kinachoitwa semikondakta, ambavyo hutoa mwanga stima inapovipitia. Diodi ya kwanza ya kufaa yenye mwanga mwekundu ilitengenezwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Hata hivyo, mwanga mweupe ulikawia miaka mingi, kwa sababu ilikuwa vigumu kupata diodi ya buluu yenye nguvu. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliolifungua fundo hilo, na mwaka 2014 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwanga mweupe wa nyumbani kwenu, basi, kwa kawaida ni buluu iliyopitishwa katika unga wa rangi ya manjano. Ndiyo maana ukikuta balbu iliyovuka kofia, utaona madoadoa ya manjano yamepangwa ndani.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Walimu wa hisabati wasinikasirikie nikichukua kipindi chao. Uniti moja ya stima ni sawa na wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Tuseme balbu ya uzi ya wati 60 huwashwa saa tano kila jioni. Kwa siku 30 itakula uniti 9. Balbu ya LED yenye mwanga kama huo ni ya wati 9 hivi, nayo kwa muda ule ule itakula uniti 1.35 tu. Ikiwa nyumba ina balbu nne, tofauti ni uniti 36 dhidi ya uniti 5.4. Kwa mfano wa shilingi 25 kwa uniti, ili hesabu iwe nyepesi, hizo ni shilingi 900 dhidi ya shilingi 135 kwa mwezi. Mama anayenunua tokeni za shilingi 100 leo na 50 kesho ataelewa haraka kuliko mtu yeyote.

Lakini tusidanganyane. Nyumba nyingi siku hizi zilishaiaga balbu ya uzi na kuingia katika ile iliyojisokota, ambayo watu huiita enaji seva. Hiyo hutumia takriban wati 15 kwa mwanga ule ule. Kwa saa tano kila siku, itakula uniti 2.25 kwa mwezi. Ukiweka LED mahali pake utaokoa uniti 0.9, yaani shilingi 22 na ushei kwa mfano wetu. Ni akiba, ndiyo, na haba na haba hujaza kibaba. Lakini si sababu ya kuzing'oa zote leo na kuzitupa zikiwa nzima. Ngoja ife yenyewe, halafu uweke LED. Kama pesa ni chache, anza na chumba ambacho taa yake hukaa ikiwaka muda mrefu zaidi, ambacho kwa wengi wetu ni jikoni au sebuleni. Ile ya stoo inayowashwa dakika mbili kwa siku inaweza kungoja hata mwaka.

SWALI LA KWANZA: SHINGO YAKE NI IPI?

Haya, sasa simama chini ya holda. Jambo la kwanza kutazama ni shingo ya balbu iliyomo. Hapa Kenya shingo mbili ndizo zimeenea. Kuna ile ya pini mbili ubavuni, unayoisukuma juu na kuizungusha kidogo mpaka ikamate. Hiyo huandikwa B22, na 22 ni upana wa shingo kwa milimita. Kisha kuna ile ya skrubu, unayoizungusha mpaka mwisho. Hiyo huandikwa E27, na herufi E ni ya Edison, yule mvumbuzi wa Kimarekani. Zote mbili zina wadogo zao, B15 na E14, ambazo hupatikana katika taa za mezani na zile za mapambo.

Zile taa ndogo zilizozama katika dari za nyumba za kisasa zina shingo za namna nyingine. GU10 ina miguu miwili minene yenye vichwa, nayo hupokea volti 240 moja kwa moja. Nyingine ina miguu miwili myembamba kama sindano, huandikwa GU5.3, nayo kwa kawaida ni ya volti 12 na hulishwa na transfoma iliyofichwa juu ya dari. Ukiweka LED katika hiyo ya pili, huenda transfoma ya zamani isiikubali, kwa sababu iliundwa kulisha mzigo mkubwa. Taa itapepesa au itakataa kuwaka. Hapo usibishane nayo. Mwite fundi abadilishe transfoma pia.

Na hapa kuna mtego mmoja ambao ni lazima niutaje. Nyumba nyingi mashambani zina sola, na balbu nyingi za sola za volti 12 zina shingo za B22 au E27 sawasawa na za stima ya kawaida. Zinaingia katika holda bila shida yoyote. Lakini ukiifunga balbu ya volti 12 katika holda ya volti 240, itaungua hapo hapo, na huenda ikapasuka. Kwa hivyo kuingia si kufaa! Soma volti zilizoandikwa shingoni kabla ya kufunga. Nyumba ikiwa na sola na stima pamoja, balbu za akiba ziwekwe katika makopo mawili tofauti, kila kopo na jina lake.

SWALI LA PILI: NATAKA MWANGA KIASI GANI?

Watu wengi huingia dukani na kusema, "Nipe ya wati 20, nataka mwanga mkali." Hilo ni zoea la zamani. Wati hupima umeme unaoliwa, hazipimi mwanga unaotoka. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Mfano wake ni huu: ukitaka kujua mama amepika sima kiasi gani, hupimi kuni zilizochomwa; unatazama sinia.

Balbu ya uzi ya wati 40 ilitoa lumeni 450 hivi. Ya wati 60, lumeni 800 hivi. Ya wati 75, lumeni 1,050 hivi. Na ya wati 100, lumeni 1,500 hivi. Kariri nambari hizo nne na utakuwa umejikinga na udanganyifu mwingi. LED ya kawaida hutoa lumeni kati ya 80 na 100, au zaidi kidogo, kwa kila wati. Kwa hivyo ukiona pakiti imeandikwa wati 9 na lumeni 800, hiyo inaaminika. Ukiona pakiti yenye wati nyingi imeandikwa kwa herufi kubwa lakini lumeni hazikutajwa popote, jiulize mwenye kuiuza anaficha nini.

Hata hivyo, lumeni nyingi si dawa ya kila kitu. Nyumbani kwetu mdogo wangu aliye Gredi ya 8 alikuwa akilalamika kwamba macho yanamwuma akisoma usiku. Mama akataka tununue balbu kubwa ya dari. Mjomba akamwambia, "Dada, mtoto hasomi dari, anasoma kitabu. Ulete mwanga kwenye kitabu." Ni kanuni ya fizikia: ukisogeza taa ndogo ikawa nusu ya umbali wa kwanza, mwanga unaoangukia kitabu huwa mara nne. Basi tukanunua taa ya mezani na balbu ya wati 5, tukaiweka upande wa kushoto ili mkono wake wa kulia usitie kivuli anapoandika. Balbu ya dari ikabaki ile ile. Malalamiko yalikwisha, na uniti hazikupanda. Ninyi mnaorudi nyumbani likizo na mzigo wa vitabu vya marudio, lizingatieni hilo kabla ya kuwaomba wazazi balbu ya wati 20.

SWALI LA TATU: RANGI GANI YA MWANGA?

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na hapa mambo ni kinyume na unavyodhani: nambari ikipanda, mwanga huonekana wa baridi zaidi. Kelvini 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa manjano yenye uvuguvugu, kama ule wa balbu za zamani. Kelvini 4,000 ni mweupe wa kadiri. Kelvini 6,500 ni mweupe wenye ubuluu, kama anga la mchana. Madukani kwetu hii ya 6,500 ndiyo imejaa, na usiposema kitu ndiyo utakayopewa.

Si mbaya. Jikoni na mahali pa kufanyia kazi inafaa. Lakini nyanya yangu alipowekewa hiyo chumbani mwake, alikaa kitandani akaitazama, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mbona mmenilaza hospitalini nami si mgonjwa?" Tulimbadilishia ya kelvini 2,700 na akatulia. Chumba cha kulala kinapendeza kwa mwanga wa uvuguvugu, na wataalamu pia husema kwamba mwanga wenye ubuluu mwingi usiku huufanya mwili ukawie kupata usingizi. Nje, mlangoni, rangi ya uvuguvugu ina faida nyingine tena: huwavutia wadudu wachache kuliko ile ya ubuluu. Msimu wa kumbikumbi, mwenye taa nyeupe ya ubuluu barazani anajua ninachosema.

Jambo jingine la rangi huandikwa CRI au Ra. Hiyo huonyesha jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa uaminifu chini ya taa hiyo, na juu kabisa ni 100. Kwa nyumba, 80 inatosha. Fundi cherehani anayelinganisha uzi na kitambaa, au muuza nguo, afadhali atafute ya 90 au zaidi, asije akamwuzia mteja suruali nyeusi kumbe ni ya samawati iliyoiva.

SWALI LA NNE: ITAKAA WAPI?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo linaloua balbu nyingi zaidi. Nilisema LED haitoi joto kama balbu ya uzi. Ni kweli, lakini si kwamba haitoi kabisa. Shingoni mwake mna saketi ndogo inayobadilisha stima ya volti 240 iwe ya kufaa diodi, na saketi hiyo haipendi joto. Balbu ya uzi ilikuwa ikilitupa joto lake mbali. LED hulisukuma joto lake nyuma, pale pale shingoni. Likikosa pa kutokea, huiva polepole.

Likizo ya Agosti tuliitwa katika nyumba moja ambayo balbu za sebuleni zilikuwa zikifa kila baada ya miezi miwili. Mwenye nyumba alikuwa amezihifadhi zote katika mfuko, tayari kuzirudisha dukani kwa hasira. Mjomba alizigeuza moja moja, akanionyesha jinsi plastiki ya shingo ilivyobadilika rangi ikawa ya kahawia. Kisha akauliza, "Mama, hizi zilikuwa ndani ya lile bakuli la kioo?" Naam, zilikuwa ndani ya bakuli lililofungwa pande zote, balbu tatu za wati 15 zikipumuliana. Tuliweka tatu za wati 7 zilizoandikwa kwamba zinafaa taa zilizofungwa. Akaunti ya mwanga ilipungua kidogo, lakini tuliporudi Desemba zote zilikuwa zikiwaka.

Kwa hivyo tazama: je, holda yako iko wazi, au imefunikwa? Kama imefunikwa, chagua ya wati chache na iliyoandikwa kuwa yafaa mahali palipofungwa. Zile balbu za kuchaji, zenye betri ndani kwa ajili ya stima inapopotea, zisiwekwe humo kamwe, maana betri nayo huharibiwa na joto. Kama ni nje kunakonyesha mvua au bafuni kwenye mvuke, tazama herufi IP kwenye kifaa chenyewe. IP20 ni ya ndani pakavu, IP44 huvumilia maji ya kurushwa, na IP65 huvumilia hata maji ya bomba la kunyunyizia.

Kuna pia kivuli cha taa kilichoandikwa "mwisho wati 40". Watu huuliza kama LED inayojisifu kuwa "sawa na wati 60" inaruhusiwa humo. Inaruhusiwa. Onyo lile lilihusu joto, nalo huhesabiwa kwa wati zinazoliwa kweli, ambazo ni 9 tu.

SWALI LA TANO: NYUMA YA SWICHI KUNA NINI?

Swichi nyingine zina kirungu cha kuzungusha ili kupunguza mwanga. Hiyo ni dima. Balbu ya LED ya kawaida ikifungwa hapo itapepesa, italia kama nyuki, au itakufa mapema. Tafuta iliyoandikwa kwamba inakubali dima. Na kama dima yenyewe ni ya zamani, iliyoundwa kwa mizigo mikubwa ya balbu za uzi, huenda nayo ikahitaji kubadilishwa.

Kuna swali jingine ambalo wanafunzi wenzangu wameniuliza mara nyingi: "Mbona balbu yetu inatoa mwanga hafifu hata ikiwa imezimwa? Ni majini?" Hapana, si majini! Mara nyingi ni kile kitaa kidogo ndani ya swichi, ambacho hupitisha umeme kidogo sana. Balbu ya uzi isingeusikia, lakini LED inausikia. Hilo halina hatari. Lakini kuna sababu ya pili iliyo hatari: aliyetandaza nyaya aliweka swichi kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Hapo ukizima, taa inazimika lakini holda ingali na moto. Ukitia kidole, utaijua. Mwambie mzazi amwite fundi mwenye leseni apime. Usijaribu mwenyewe hata kama una alama A ya fizikia.

TYUBU NDEFU

Taa ndefu za futi nne, kama zile za mabwenini na madarasani, zina hadithi yake. Ndani ya tyubu za zamani mna zebaki, ambayo ni sumu, kwa hivyo zikivunjika fungua madirisha, usifagie vumbi lake kwa fujo, na usilishike kwa mikono mitupu. Katika mkutano wa mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kukomesha utengenezaji wake na uingizaji wake nchini ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Kwa hiyo kubadilisha ni jambo la wakati tu.

Tyubu ya zamani ya wati 36 huweza kushikiwa nafasi na ya LED ya wati 18 hivi. Lakini angalia kwanza kama taa ina stata, kile kikopo kidogo cha duara kinachozungushwa. Ikiwa nayo, kuna tyubu za LED zinazouzwa pamoja na stata yao maalumu. Unaondoa ile ya zamani na kutia mpya. Ikiwa haina, huenda ina balasti ya elektroniki, nayo huhitaji tyubu ya namna nyingine au kubadilishwa kwa nyaya. Hiyo ni kazi ya fundi. Tyubu nyingine hupokea stima upande mmoja, nyingine pande zote mbili, na kuzichanganya ni kuitafuta shoti.

MAHALI AMBAPO LED HAIFAI

Ama kweli, hata kizuri kina pasipo pake. Mama mmoja jirani yetu aliyekuwa akifuga kuku alisikia sifa za LED, akataka kutoa balbu ya uzi iliyokuwa juu ya sanduku la vifaranga wa siku tatu. Alikuwa na vifaranga hamsini, na fedha zao zilikuwa tayari zimehesabiwa kuwa karo ya muhula. Mjomba alimkuta na balbu mkononi. "Mama, wacha kwanza! Hao hawahitaji kusoma, wanahitaji kuota moto!" Ile hasara tuliyoisema mwanzoni, lile joto la bure, kwa kifaranga ndiyo uhai wenyewe. Angeweka LED wangekuwa na mwanga mzuri sana wa kufia. Balbu ya uzi ikabaki pale, na LED ikaenda jikoni.

SASA TWENDE DUKANI

Ukiwa na majibu ya maswali hayo matano, yaandike kwenye karatasi: shingo, lumeni, kelvini, mahali, swichi. Ukifika dukani, fanya mambo manne. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, jina la mtengenezaji na muda wa dhamana. Tazama volti: hapa kwetu ni 240, lakini mahali ambapo stima hupanda na kushuka, balbu iliyoandikwa volti 85 hadi 265 hustahimili zaidi. Mwombe mwenye duka aiwashe, kisha upunge kalamu yako haraka chini yake. Ukiona kalamu nyingi nyingi zilizokatika-katika badala ya ukungu mmoja laini, balbu hiyo inapepesa, nayo itachosha macho ya msomaji. Mwisho, omba risiti na uitunze na pakiti yake. Balbu iliyoandikwa saa 15,000, ikiwashwa saa tano kwa siku, inapaswa kukaa takriban miaka minane. Ile ya bei ya kutupa inayokufa kila miezi mitatu utainunua zaidi ya mara thelathini katika muda huo. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, na hawakuwa hata na stima.

Unapofunga, zima meni swichi, ingoje balbu ya zamani ipoe, simama juu ya kitu kikavu kisichoyumba, na usiguse holda iliyopasuka au yenye alama za kuungua. Hapo ni kwa fundi.

Wenzangu, sisi ndio tunaosoma pakiti nyumbani. Wazazi wengi hutuachia kazi hiyo kwa sababu maandishi ni madogo na lugha ni ngeni. Basi na tuifanye vizuri. Shilingi inayookolewa kwenye holda ni shilingi ya unga, ya kalamu, ya karo. Likizo hii, kabla hujamwambia mama, "Nitumie dukani," panda juu ya kiti imara, mchana kweupe, na uitazame holda yako. Itakuambia yenyewe inataka nini. Alamsiki, na tuonane toleo lijalo.